Vitabu vya Uchumi, Historia na Maisha: Nyenzo za Mtumishi na Mwalimu wa Handeni na Korogwe

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa umma na walimu wa wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga)



Mwandishi wa mambo ya fedha anapoombwa ataje vitabu vinavyofaa kusomwa na mtu anayetunza fedha za umma, watu hutazamia ataje vitabu vya kuweka hesabu, au vile vinavyouzwa katika vituo vya mabasi vikiahidi kumtajirisha msomaji kabla mwezi haujaandama. Vya kwanza vina kazi yake, na mhasibu hawezi kuviacha. Vya pili havina haja ya kutetewa. Lakini yako mafungu matatu ya vitabu ambayo mtumishi wa Handeni na mwalimu wa Korogwe wanayahitaji kuliko hivyo vyote, nayo ni vitabu vya uchumi, vitabu vya historia, na vitabu ambavyo watu wameandika juu ya maisha yao wenyewe.

Mafungu hayo hayana budi kwenda pamoja. Uchumi bila historia hugeuka kuwa kanuni zinazokaririwa kwa ajili ya mtihani. Historia bila uchumi hubaki kuwa hadithi ya wafalme na vita, bila kueleza nani alilima, nani alikula na nani alidaiwa. Na yote mawili bila habari za maisha humfanya msomaji adhani kwamba mambo hujitendekea yenyewe, kana kwamba hapakuwa na mtu aliyekaa mezani, akashika kalamu, akatia sahihi. Mtumishi ni mtu wa kutia sahihi, na kwa sababu hiyo inampasa ajue matokeo ya sahihi za waliomtangulia.

Jambo hili si la anasa wala la kujionyesha usomi. Katika wilaya hizi mbili yako maamuzi yanayofanywa kila wiki ambayo mwananchi wa kawaida huyalipia kwa shamba lake, ghala lake au mshahara wake. Ofisa huamua mbegu gani igawiwe na ardhi gani ipimwe. Mtendaji wa kijiji huamua kikundi gani kipewe mkopo wa halmashauri. Mwalimu huamua mfano gani autumie darasani, na mfano huo hubaki katika kichwa cha mtoto kwa miaka arobaini. Anayeamua bila kujua yaliyokwisha tendeka mahali pale pale huwatwisha wengine gharama ya ujinga wake.

NJAA NA GHALA

Hapana mahali pazuri pa kuanzia kuliko swali la chakula, kwa maana Handeni ni wilaya ambayo jina lake limeandamana na habari za ukame kwa muda mrefu. Maelezo yaliyozoeleka ofisini ni mafupi: mvua haikunyesha, mahindi yakakauka, watu wakakosa chakula. Mwaka 1981 mchumi wa Kihindi, Amartya Sen, alitoa kitabu kiitwacho Poverty and Famines, ambacho kiliyatia maelezo ya namna hiyo katika mizani. Sen alichunguza njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943 akaonyesha kwamba chakula kilichokuwapo mwaka huo kilizidi kile cha mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Watu walikufa kwa sababu walipoteza uwezo wa kukipata: bei ilipanda, ujira wa kibarua haukupanda, na mvuvi na fundi hawakuwa na kitu cha kubadilisha kwa mchele. Kwa hiyo swali la kwanza la ofisa mwenye busara si magunia mangapi yamo wilayani, bali ni nani anayeweza kuyafikia magunia hayo, na nani hawezi.

Msomaji akiisha kukielewa kitabu hicho, na afungue kile cha mwanahistoria James Giblin, The Politics of Environmental Control in Northeastern Tanzania, 1840-1940, kilichotolewa mwaka 1992. Kitabu hicho kinahusu Uzigua, yaani nchi ya Handeni yenyewe. Giblin anaeleza kwamba zamani wakubwa wa Kizigua walikuwa na njia ya kulimbikiza nafaka na mifugo, na kwamba ukubwa wao ulitegemea kuwalisha watu wao wakati wa shida. Haukuwa mpango wa usawa, kwani aliyelishwa alifungwa na deni la utii. Lakini ulikuwa mpango, na watu wengi waliokaa pamoja na kulima pamoja waliweza kufyeka pori na kuwazuia mbung'o na kupe wasiwafikie ng'ombe. Utawala wa kigeni ulipokuja na kodi yake, kazi zake za lazima na amri zake juu ya biashara ya nafaka, wakubwa wale walinyang'anywa uwezo wa kulisha, wala hapakuwekwa kitu kingine mahali pao. Watu wakatawanyika, pori likarudi, wadudu wakarudi, ng'ombe wakafa, na njaa ikawa mgeni asiyebisha hodi.

Kabla ya Giblin, mtaalamu mwingine, Helge Kjekshus, alikuwa amekwisha andika kitabu mwaka 1977 akitoa hoja ya namna hiyo kwa Tanganyika nzima, na kueleza jinsi sotoka ya miaka ya 1890 ilivyoangamiza ng'ombe na jinsi pori lilivyoshinda jembe baadaye. Msomaji akiviweka vitabu hivi vitatu pamoja atagundua kwamba mchumi wa Bengal na mwanahistoria wa Handeni, ambao hawakuandika juu ya mahali pamoja wala wakati mmoja, wanaelekea kwenye jibu moja: ukame ni wa Mungu, lakini njaa hupitia mikononi mwa watu.

Wako wanaodhani mambo hayo yamepitwa na wakati. Hao na waende Chogo, katika wilaya hiyo hiyo ya Handeni. Wakati wa shida ya njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi waliangukia mikononi mwa wafanya biashara wa pwani, wakasafirishwa kwa majahazi mpaka Usomali wakawa watumwa. Baadhi yao walitoroka wakajenga vijiji vyao kando ya mto Juba, wakaitunza lugha ya Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya Usomali vilivyoanza mwaka 1991 viliwatoa huko, na wengine wao wakarudi katika nchi ya mababu zao. Makazi ya Chogo yalifunguliwa kwa ajili yao mwaka 2003, na wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Mwalimu wa historia wa Handeni hana haja ya kuagiza picha ng'ambo ili aeleze biashara ya utumwa na uhusiano wake na njaa. Ushahidi uko jirani na shule yake. Na akitaka kitabu kifupi cha Kiswahili cha kuanzia, Anthony Mochiwa alikwisha kuandika Habari za Wazigua, kilichochapwa mwaka 1954.

MKONGE NA BEI YA ULAYA

Korogwe nayo ina somo lake, nalo limepandwa kwa mistari iliyonyooka kandokando ya reli. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyoenea katika bonde la mto Pangani, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo wa 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960 Tanganyika, na kisha Tanzania, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, wala hapakuwa na nchi iliyoishinda duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 40,000.

Nini kilitokea kati ya hapo? Kila mtu katika Korogwe ana jibu lake. Mmoja atasema ni kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967. Mwingine atasema ni usimamizi mbaya wa mashirika. Wa tatu atasema ni nyuzi za viwandani zitokanazo na mafuta ya petroli, ambazo ziliingia katika soko la kamba wakati bei ya mkonge ilipoanza kuporomoka katika miaka ya 1960, kabla hata ya kutaifisha. Faida ya kusoma vitabu ni kwamba mtu huacha kuchagua jibu linalompendeza, akaanza kupima kila sababu kwa uzito wake na kwa tarehe yake. Sababu iliyotangulia haiwezi kuzaliwa na jambo lililofuata.

Kwa kazi hiyo kuna kitabu cha C. W. Guillebaud, mchumi wa Cambridge, juu ya uchumi wa mkonge wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1958. Ndani yake mna gharama, ujira, bei na mavuno. Ni lazima msomaji akumbuke kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya chama cha wenye mashamba, kwa hiyo mambo yanatazamwa kutoka barazani kwa meneja. Kwa upande wa pili, na achukue kitabu cha John Iliffe, A Modern History of Tanganyika, cha mwaka 1979, ambamo atawakuta manamba: watu waliotoka Kigoma, kusini na nchi za jirani, wakaandikwa kwa namba, wakapewa kipande cha siku 30 ambacho kila siku ya kazi ilikatwa alama mpaka kijae, ndipo walipwe. Wengi walibaki huko huko mashambani. Katika darasa la Korogwe leo hukosi mtoto ambaye babu yake alifika kwa kipande.

Baada ya hao wawili, na asome Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kitabu kilichotoka mwaka 1972 wakati mwandishi wake alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na Justinian Rweyemamu, Underdevelopment and Industrialization in Tanzania, cha mwaka 1973. Rodney anaeleza jinsi nchi ilivyojengwa ili itoe mali ghafi na kununua vitu vilivyotengenezwa. Rweyemamu anaeleza kwa nini viwanda vyenyewe, hata vilipojengwa, havikufungamana na kilimo cha nchi. Mtu anaweza kumkosoa Rodney kwamba hakuwapa watawala wa Kiafrika sehemu yao kamili ya lawama, na ukosoaji huo ni halali. Lakini hapana mtu aliyeishi Korogwe, akaona kitani kikipakiwa na kamba ikirudi, atakayesema kwamba Rodney alizungumzia mambo asiyoyajua.

Somo la mkonge kwa ofisa wa leo ni wazi. Kila linapokuja zao jipya likisifiwa kwamba litaleta utajiri, maswali ni yale yale: nani anapanga bei, mnunuzi akikosekana mkulima atalila, na miaka mingapi itapita kabla ya mavuno ya kwanza? Mkonge humngojesha mkulima miaka kadhaa kabla ya kumpa jani la kwanza la kuuza, na katika miaka hiyo bei ya dunia haimngoji.

HABARI ZA WAKILINDI

Baadhi ya vitabu bora vya wilaya hizi viliandikwa kwa Kiswahili fasaha, na ni aibu kwamba wageni wamevisoma kuliko wenyeji. Cha kwanza kati ya hivyo ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa kwanza na wamisheni wa Magila, kisha kikatengenezwa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962. Humo imo habari ya Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, akapanda Usambara, akawapa watu nyama ya nguruwe mwitu nao wakampa vyakula vya shambani, hata mwisho wakamfanya mfalme wao. Msomaji wa kawaida ataiona kuwa ni hadithi tamu. Msomaji wa uchumi ataona ndani yake mapatano: mtu ana kitu ambacho wengine hawana, anawaondolea wanyama waharibifu mashambani, naye analipwa kwa heshima na mamlaka.

Sehemu ya mwisho ya habari hizo ina somo kali zaidi. Mfalme Kimweri wa Vugha alipokufa mwaka 1862, utawala wake uligawanyika. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, bondeni, penye njia ya misafara, akapata bunduki na baruti kwa kubadilishana na watu na pembe. Vugha ilikuwa juu mlimani, na nguvu yake ilitokana na kodi na mvua. Mazinde ikaishinda Vugha. Steven Feierman ameichambua habari hiyo katika The Shambaa Kingdom, kitabu cha mwaka 1974. Biashara ilipohamia bondeni, mamlaka yaliifuata, na walioumia ni raia wanyonge waliokamatwa na kuuzwa. Kila mtumishi anayeona barabara kubwa au soko jipya likihamisha fedha kutoka kijiji kimoja hadi kingine angefaa kuikumbuka Mazinde, na kuuliza ni nani atakayebaki bila kinga.

Feierman huyo huyo aliandika kitabu kingine mwaka 1990, Peasant Intellectuals. Humo anaonyesha kwamba wakulima wa Usambara walikuwa na fikra zao kamili juu ya utawala, wakitofautisha kuiponya nchi na kuiharibu nchi, na kwamba walipolazimishwa kuchimba matuta katika miaka ya 1940 na 1950, upinzani wao haukuwa ukaidi wa watu wasioelewa. Walielewa, na walikuwa na hesabu zao za kazi, mavuno na haki ya ardhi. Bwana shamba aliyekisoma kitabu hicho hataandika tena katika taarifa yake kwamba wananchi hawana mwamko. Ataandika walichosema.

VIJIJI NA WATU WALIOHAMISHWA

Handeni ina historia ndefu ya kuhamisha watu na kupanga makazi. Kabuku palikuwa na mpango wa makazi na shamba la mkonge katika miaka ya 1960, kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Mwanasosholojia wa Kijerumani, Michaela von Freyhold, aliyefanya utafiti katika Mkoa wa Tanga, alitoa matokeo yake mwaka 1979 katika kitabu kiitwacho Ujamaa Villages in Tanzania. Andrew Coulson naye alitoa Tanzania: A Political Economy mwaka 1982, kikaongezwa mwaka 2013. Waandishi hao wawili hawakuwa maadui wa shabaha ya kujitegemea. Ndiyo sababu maneno yao yana uzito wanapoonyesha mahali ambapo amri kutoka juu ilichukua nafasi ya mazungumzo, na mahali ambapo mtumishi, akiogopa wakubwa wake, alipeleka juu taarifa za mafanikio ambayo wanakijiji hawakuyaona.

Vitabu hivyo si vya makumbusho. Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, kimepokea kaya zilizohama kutoka Ngorongoro. Watumishi wa wilaya wanakabiliwa na maswali ya malisho, maji, mashamba, shule na mipaka kati ya mwenyeji na mgeni. Maswali hayo si mapya katika nchi hii. Yamekwisha kuulizwa, yamekwisha kujibiwa vizuri mahali pamoja na vibaya mahali pengine, na majibu yamo katika vitabu. Kuyaacha rafuni ni kuwafanya watu walipe ada ya somo lililokwisha lipiwa.

WALIOSHIKA KALAMU

Katika fungu la tatu, mtumishi na aanze na mtumishi mwenzake. Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, alikuwa karani mkuu katika ofisi ya serikali Tanga, na mwaka 1922 alianzisha huko chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na safari hiyo akaiandikia kitabu cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Habari ya maisha yake imo katika Ten Africans, kitabu kilichohaririwa na Margery Perham mwaka 1936. Ndani yake mtumishi wa leo atauona mvutano anaoujua: kuwatumikia wakubwa kwa uaminifu, na wakati huo huo kuwasemea wenzake.

Baada yake na asome Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui karibu na Tanga, aliyeingia Idara ya Forodha mwaka 1926 akatumikia serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Wengi wanamjua kwa mashairi. Wachache wamemsoma kama karani mwenye watoto wa kulea, uhamisho wa kuvumilia na mshahara wa kukadiria.

Kuhusu fedha za taifa, kitabu cha Edwin Mtei, From Goatherd to Governor, kilichotoka mwaka 2009, ni cha lazima. Mtei alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1966, akawa Waziri wa Fedha mwaka 1977, kisha akajiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Lakini kitabu cha mtu mmoja ni shahidi mmoja. Na kiwekwe kando ya Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, cha Ali Hassan Mwinyi, kilichotoka mwaka 2021, ambaye wakati wa uongozi wake mapatano na Shirika hilo yalifikiwa mwaka 1986, kando ya My Life, My Purpose cha Benjamin Mkapa cha mwaka 2019, na kando ya Development as Rebellion, wasifu wa Mwalimu Nyerere ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, uliotoka mwaka 2020. Msomaji ataona kwamba watu walioipenda nchi moja, waliokaa meza moja, waliona hatari mbili tofauti: mmoja aliogopa hazina tupu, mwingine aliogopa nchi kuamriwa na wenye hazina. Mwalimu wa uraia anayewafundisha vijana kwamba upande mmoja ulikuwa wa wajinga huwanyima elimu.

DENI LA MWALIMU

Yote haya yanarudi kwenye mfuko wa mwalimu mwenyewe. Mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu imewaingia watumishi wengi. Wako walimu waliomwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, na kila mwisho wa mwezi mkopeshaji hufika kwenye mashine kabla yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitungwa ili wakopeshaji wawe na leseni na wafuate taratibu, lakini sheria haiwezi kumlinda asiyekokotoa hesabu.

Na hesabu yenyewe ni fupi. Mtu akikopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba ni shilingi 40,000. Akilipa riba tu kwa miezi mitano, atakuwa ametoa shilingi 200,000, naye bado anadaiwa shilingi 200,000 zile zile. Mwalimu anayefundisha asilimia ubaoni saa nne, kisha akatia sahihi mkataba huo saa kumi, hakukosa hesabu. Alikosa mahali pengine pa kukopa, na pengine alikosa ujasiri wa kuuliza. Ndiyo maana Sen anasema swali ni uwezo wa kupata, na Giblin anaeleza jinsi mwenye ghala anavyomfunga mwenye njaa. Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, anaonyesha jinsi misafara yote ya bara ilivyosafiri kwa mali iliyokopwa kwa matajiri wa Unguja. Na Mwalimu Nyerere hakukosea alipochagua kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mkopo na rehani ya mwili, akaitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kadi ya benki mkononi mwa mkopeshaji ni rehani ya namna hiyo hiyo.

Dawa iliyo karibu ni chama cha akiba na mikopo cha watumishi wenyewe, chenye hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama na viongozi wanaoulizwa maswali. Kuuliza maswali hayo ni kazi ya mtu aliyezoea kusoma.

NJIA YA KUSOMA

Yatatolewa malalamiko matatu. Kwamba vitabu vingi kati ya hivi ni vya Kiingereza. Kwamba vingine ni ghali au havipatikani madukani. Na kwamba muda haupo. Malalamiko yote ni ya kweli, na yote yana jibu.

Kwanza, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu zaidi ya milioni moja katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, na wengi wao ndio kwanza walikuwa wamejifunza kusoma. Waliposikia waliandika, walipoandika walichimba vyoo. Watu wenye shahada na stashahada hawawezi kushindwa na jambo ambalo wanakijiji wale waliliweza. Kila shule yaweza kuwa na kikundi cha watu sita au wanane, kitabu kimoja kwa muhula, sura moja kwa wiki. Anayejua Kiingereza zaidi asome na awaeleze wenzake kwa Kiswahili, na muhtasari uandikwe katika daftari litakalobaki shuleni hata yeye akihamishwa.

Pili, nakala moja yaweza kununuliwa kwa mchango wa kikundi, au kuazimwa kwa utaratibu katika maktaba ya mkoa mjini Tanga. Kitabu kinachopita mikono minane kimeshuka bei mara nane.

Tatu, kikundi kisisome bila kuuliza. Baada ya kila sura, na atafutwe mzee wa mahali hapo aseme alivyoona au alivyosimuliwa: kipande kilikuwaje, ghala la kijiji lilivunjika lini, nani alihamishwa kutoka wapi. Mahali mzee anapopingana na kitabu, hapo ndipo pa kuchunguza, wala kisidharauliwe kitabu, wala asidharauliwe mzee.

Kwa wanaotaka mpangilio, na waanze na Habari za Wakilindi kwa sababu ni cha Kiswahili na ni cha nyumbani, kisha Shaaban Robert, kisha Giblin kwa upande wa Handeni na Iliffe kwa upande wa Korogwe, kisha Sen, na mwisho Mtei pamoja na Mwinyi, vikisomwa kwa wakati mmoja. Vitabu sita au saba kwa miaka miwili si mzigo. Mtumishi akivimaliza hatakuwa mchumi wala mwanahistoria, bali atakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, iwe ya mradi wa kijiji au ya mkopo wake mwenyewe, ataisoma mpaka mwisho, na atauliza swali moja zaidi kabla ya kushika kalamu.